Mama Anadhani Niko Uwanja wa Ndege

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba nimepata kazi ya kuhesabu ndege huku Arizona, na kabla ya Jumapili mtaa mzima Muheza ulishajua kijana wao yuko uwanja wa ndege, Marekani. Nilipomfafanulia kwamba ni hawa wa manyoya na mayai, alinyamaza kidogo. "Na wanakulipa?"

Mwaka wa kwanza nilijitolea tu, kwa chakula na pa kulala. Msimu wa pili ikaja posho, ambayo sehemu yake iliishia kwenye viatu, maana vya mwanzo vilitobolewa na miiba. Msimu wenyewe ni mfupi: Aprili hadi Julai, mvua za radi zinapoanza. Baada ya hapo kila mtu na njia yake.

Naamka saa tisa usiku. Nyumbani ni saa saba mchana, kwa hiyo ndipo mama hupiga. Nusu saa kabla ya jua kuchomoza niwe nimeshasimama kituo cha kwanza. Natulia kidogo ili ndege wanizoee, kisha kwa dakika zilizopangwa naandika kila ninayemwona au kumsikia, na yuko umbali gani. Huo umbali ndio unaonitoa jasho! Lakini ndio msingi wa hesabu: ndege wa mita 200 ni rahisi kumkosa kuliko wa mita 20, na kwa tofauti hiyo wataalamu hukadiria wangapi walitupita bila kusikika.

Darubini ninayo shingoni, ila kazi kubwa ni ya masikio, na yangu yalikuwa ya Usambara. Siku ya kwanza nilisikia gari bovu likikataa kuwaka, nikageuka kutafuta barabara. Kumbe ni ndege aliye nembo ya jimbo la Arizona, yule anayejenga kiota katikati ya miiba.

Halafu kuna bundi. Jangwani humu yako madungusi yaitwayo saguaro, marefu kuliko nyumba. Kigogota hutoboa shimo ndani yake, na akihama anaingia bundi wa gramu 40 hivi, kimo cha shomoro. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Mimi natumwa usiku kumfuata. Hilo mama sijamwambia.

Mwishoni mwa Mei tulipanda milimani kumhesabu ndege aitwaye trogoni, binamu wa yule wa msitu wa Amani kwetu Usambara: mgongo kijani, tumbo jekundu. Wanaojitolea wengi ni wastaafu, na kila mmoja hupewa kipande chake cha korongo. Nilipangwa na bibi mmoja, mwalimu wa zamani. Sauti nyembamba masikio yake hayazipati tena, kwa hiyo kila mara ananigusa kiwiko: "Umesikia?" Ya trogoni ni nzito, anakoroma kama chura, hiyo anaipata vizuri.

Tulikaa chini ya mialoni mpaka muda ukaisha. Kimya. Bibi akaandika sifuri, akaipigia mstari. Tukiwa tunakunja viti, juu yetu pale pale: kwa-kwa-kwa-kwa. Nikashika kalamu. Akaiweka fomu ndani ya mkoba, akafunga zipu, kisha akainua darubini amtazame vizuri.