Siku Moja Maishani Mwangu: Napima Pumzi za Watu

Saa 10:30 alfajiri naamka. Uji wa mtoto, maji, sare, kitambulisho. Nikilikosa daladala la kwanza kutoka Mbagala Rangi Tatu, nimelikosa na la pili, maana hilo hujaa kabla halijasimama.

Mimi ni muuguzi. Mwaka wa sita sasa nafanya utafiti wa kitabibu, kwenye mradi unaofuatilia watu waliomaliza dawa za kifua kikuu ili kujua mapafu na moyo vimebaki katika hali gani. Mtaani kwetu kazi hii inasemwa kwa namna mbili: kuna wanaoamini nakula dola za wazungu, na kuna wanaoamini sisi ni mumiani, tunavuta damu za watu na kuziuza. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, aliwahi kunihamishia wajukuu zake upande wa pili wa njia nilipokuwa napita na boksi la sampuli. Iliniuma. Ndiyo sababu naandika Jumanne ya wiki iliyopita ilivyokwenda.

Saa 1:15 asubuhi nafungua madirisha yote ya chumba cha vipimo. Joto la Dar linaingia, lakini hewa lazima izunguke, kwa sababu tunashughulika na watu wanaokohoa. Kabla mtu hajapuliza, spiromita, yaani mashine ya kupima pumzi, yenyewe hupimwa kwanza. Tuna bomba kubwa la hewa la lita 3, unaisukumia mashine hewa hiyo polepole, kisha kwa kasi ya kati, kisha kwa nguvu. Kila mara namba iangukie kati ya 2.91 na 3.09. Isipoangukia humo, siku hiyo hapulizi mtu. Jumanne ilisoma 3.02, 2.98, 2.99. Nikaandika, nikatia saini na tarehe. Kwenye utafiti, kisichoandikwa hakikufanyika. Na ukikosea kuandika hufuti: unapiga mstari mmoja ili lililokuwa chini lisomeke, unaandika sahihi pembeni, unatia saini tena.

Kati ya saa 2 na saa 5 niliwahudumia washiriki wawili. Mmoja, mama lishe, hakujua kusoma, nikamsomea fomu ya ridhaa yote mbele ya shahidi, ukurasa kwa ukurasa, hadi pale panaposema anaweza kukataa au kujitoa wakati wowote na matibabu yake yasibadilike. Aliuliza damu inakwenda wapi. Nikamwonyesha vichupa viwili, kiasi cha vijiko viwili vya chai kwa jumla, na maabara iko mlango wa tatu kutoka pale. Akaweka dole gumba.

Kisha akaja Mzee.

Miaka zaidi ya 20 amepasua kokoto Kunduchi. Vumbi la mawe peke yake huharibu mapafu, na humfungulia mlango kifua kikuu. Aliugua, akatibiwa miezi sita, akaandikiwa kwenye kadi kuwa amepona. Lakini pumzi haikurudi. Akipanda ngazi tatu anashika ukuta. Aliporudi kwenye zahanati fulani akikohoa, picha ya kifua ikaonyesha makovu, akaanzishwa dawa za TB upya, miezi sita mingine, bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi. Yeye si wa kwanza, washiriki wengi wananipa habari inayofanana na hiyo. Hata GeneXpert, kipimo kinachotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB kwenye makohozi, pamoja na ubora wake, kinaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa kwa mtu aliyetibiwa karibuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo mnanipulizisha puto?"

Alikuja na mpwa wake, kijana wa bodaboda, aliyekuwa akitazama simu kila dakika. Namwelewa: kila saa anayokaa pale ni abiria anaowakosa, na nauli tunayowarudishia washiriki haifidii siku ya kazi.

Nikauliza maswali ya usalama: amekohoa damu? Amewahi kupata shambulio la moyo? Amefanyiwa upasuaji karibuni? Makohozi ya wiki iliyopita yalikuwa safi. Oksijeni kwenye kidole ikasoma asilimia 93. Nikabonyeza vifundo vya miguu, alama ya kidole ikabaki imebonyea, nikaandika, kwa sababu mapafu yakichoka kwa muda mrefu upande wa kulia wa moyo unaanza kuelemewa. Nikaingiza umri, urefu, jinsia. Zamani programu ilikuwa inauliza na rangi ya mtu, na ukijibu "mweusi" inashusha kiwango inachokitarajia, kana kwamba mapafu yetu tumeumbwa nayo madogo. Mwaka 2022 zikatoka hesabu mpya zisizouliza rangi, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kikapendekeza zitumike. Mtu aliyekuwa akiambiwa "kwa mtu wa kwenu hii ni kawaida" anaweza sasa kuonekana kuwa ni mgonjwa. Nataka pumzi za watu wa Temeke na Kunduchi zipimwe, zipimwe vizuri, ili zisikadiriwe tena na mtu aliye mbali.

Saa 5:20. Kibanio puani, midomo ikaze. Vuta hewa yote, halafu puliza kwa nguvu zako zote, usikate mpaka nikuambie.

Jaribio la kwanza alianza taratibu, kama anayepuliza jiko la mkaa. Halifai. La pili alikohoa kabla sekunde ya kwanza haijaisha. Halifai. La tatu likatoka safi: sekunde ya kwanza lita 1.41. La nne alianza vizuri akakata mapema, ya sekunde ya kwanza ingehesabika, ya jumla hapana. Kila jaribio mimi nasimama mbele yake nikipiga kelele: puliza-puliza-puliza, endelea, endelea, bado, bado, bado! Wauguzi wa wodi ya jirani wamezoea. Anayetusikia mara ya kwanza hudhani kuna ugomvi.

Jaribio la tano, katikati ya "endelea", umeme ukakatika.

Betri ya kompyuta yetu ilishakufa siku nyingi. Dakika 25 kusubiri jenereta, dakika nyingine kompyuta iwake. Ilipowaka, faili lilikuwa tupu. Ile 1.41 nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi, lakini namba isiyo na mchoro wa pumzi yake haikubaliki, na sikutaka kuilazimisha ikubalike. Mtu mzima hapulizi zaidi ya mara nane. Tulikuwa tumetumia tano, nyingine zimebaki tatu.

Mpwa akasimama. "Sista, mjomba anapuliza toka saa tano. Mnatafuta nini humo ndani? Mkiandika tu hiyo namba ya mwanzo nani atajua?"

Nilichoka pale kuliko nilivyochoka siku nzima. Nilitaka kumjibu kwamba nitajua mimi. Nikamwambia tu samahani kwa muda wake, nikamkumbusha Mzee kwamba ana haki ya kuacha na atapewa nauli yake ileile. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, viganja magotini. Baadaye akasema, "Kaa chini wewe. Mwacheni mwanangu afanye kazi yake." Nikampa maji. Tukakaa kimya mpaka oksijeni ikarudi 93.

La sita: 1.44. La saba, kikohozi, kirefu hadi machozi yakamtoka. La nane nilimsogelea karibu, sauti yangu ikiwa imeshakwaruza, nikahesabu naye hadi mchoro ukalala: 1.39. Ziko mbili nzuri na zimepishana chini ya mililita 150. Kwa kanuni za ubora wa kipimo hilo ni daraja B, A inataka tatu. Mzee akaomba la tisa. "Nilikuwa naanza kuizoea." Nikakataa. Kizunguzungu kilikuwa machoni mwake, na kikomo kimewekwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya mashine.

Salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mikupuo minne kupitia chupa ya kuvutia dawa, kusubiri dakika 15, kupuliza tena. Awamu hii alipuliza mara tatu na zote zikafaa, ameshakuwa fundi. Bora yake 1.49. Dawa ilimwongezea kidogo mno. Hewa yake ya jumla ni kama lita 2.6, na katika sekunde ya kwanza inatoka nusu tu na ushei. Njia za hewa zimebana, na hazifunguki kama za mwenye pumu.

Aliuliza hiyo namba inasema nini. Nikamweleza kuwa ugonjwa uliondoka ukaacha makovu.

Akanyamaza. "Kwa hiyo ile miezi sita ya pili, vile vidonge..."

Sikuwa na jibu la kumpa, wala si mimi niliyepaswa kulitoa. Nikamwambia makohozi yake hayana vijidudu na Alhamisi daktari atakaa naye. Nikaiandika Alhamisi kwa herufi kubwa kwenye kadi. Mpwa akaipokea, akanisalimia vizuri wakati wa kuondoka.

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula. Kulikuwa na mshiriki mwingine wa kutembezwa dakika sita kwenye korido ya mita 30, sampuli za kupeleka, friji ya kusomwa joto, mafomu. Jua lilishazama nilipopata daladala, na nilisimama njia nzima hadi Rangi Tatu.

Nyumbani mwanangu aliniomba hadithi. Sauti ilikuwa imekwisha, nikamsimulia kwa kunong'ona akalala katikati.

Nilipofungua simu nikakuta ujumbe kutoka kwa wanaohakiki takwimu: mshiriki wa leo, majaribio manane, daraja B, eleza sababu. Nikakaa kitandani nikaandika: umeme ulikatika jaribio la tano, kumbukumbu za awali zilipotea, mshiriki alipumzika, akaulizwa, akakubali mwenyewe kuendelea. Nikasoma tena, nikaongeza saa, nikatuma.