Nilivyolinganisha ulaji wa mafuta wa magari ya Japani, Uingereza na Marekani

Nilikuwa natafuta gari dogo la kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi kila wiki. Kwa safari za namna hiyo, gari linaweza kuwa rahisi kununua halafu mafuta yakakumaliza, kwa hiyo nilianzia hapo. Tatizo ni kwamba kila muuzaji alikuwa na kipimo chake. Gari la Japani liliandikwa 18 km/L. La Uingereza, mpg 50. La tatu nililisoma kwenye uchambuzi wa Wamarekani: mpg 40. Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi Afrika Kusini akanisifia la kwake, lita 6 kwa kilomita 100.

Ukiyatazama juu juu, lile la 50 ndilo linalobana mafuta kuliko yote. Ila mpg ni maili kwa galoni, na ingawa maili ni moja, kilomita 1.609, galoni ni mbili. Ya Uingereza ina lita 4.546, ya Marekani lita 3.785. Gari lilelile, likitumia mafuta yaleyale, litapata namba kubwa zaidi London kuliko Chicago. Cha ajabu, Waingereza wenyewe wananunua petroli kwa lita lakini magari yao bado wanayapima kwa galoni.

Nikaandika kanuni mbili kwenye simu. Mpg ya Uingereza nazidisha kwa 0.354, ya Marekani kwa 0.425, napata kilomita kwa lita. Ile 50 ikawa 17.7, ile 40 ikawa 17. Kisha nikagawa 100 kwa kila jibu ili nipate lita kwa kilomita 100: la Japani 5.56, la Uingereza 5.65, la Marekani 5.88. Na la jirani ni 6. Magari manne yaliyoonekana kupishana kama mbingu na ardhi yalikuwa yanakula karibu sawa!

Kati ya vipimo vyote, nimebaki na hiki cha lita kwa kilomita 100, na sababu yake niliiona vizuri nilipozungumza na shemeji yangu. Yeye ana gari kubwa linalokwenda kilomita 5 kwa lita, na alikuwa anafikiria kulibadili apate la kilomita 7. Mimi nilikuwa napima kati ya gari la 15 na la 20.

"Shemeji, wewe unapata kilomita tano zaidi, mimi mbili tu," akaniambia. "Bora nibaki na hili hili."

Nikampigia hesabu ya kwenda na kurudi Morogoro, takriban kilomita 400. Yeye angetoka lita 80 hadi 57, aokoe lita 23. Mimi ningetoka lita 27 hadi 20, niokoe 7. Mwaka 2008 watafiti Richard Larrick na Jack Soll walieleza jambo hili kwenye jarida la Science: kipimo cha maili kwa galoni huwafanya watu wadharau faida ya kuachana na gari linalokula sana. Marekani ikaongeza galoni kwa maili 100 kwenye lebo za magari mapya kuanzia modeli za 2013. EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Tanzania, wakibadilisha bei kila mwezi, mimi nazidisha lita zangu tu.

Nikachukua la Japani. Ile 18 ilitokana na jaribio la maabara liitwalo 10-15, lililofanywa injini ikiwa tayari imepata moto na kwa mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa. Baadaye Japani ilihamia JC08, kisha WLTC, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo magari mawili yenye 18 ya miaka tofauti hayalingani, na gari la zamani ni lazima ulipime mwenyewe.

Ninajaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe. Hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu wahudumu wengi wamezoea kuongeza kidogo ili hela iwe namba kamili. Namwambia mapema: "Dada, ikikata acha hapo hapo." Narudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, natembea, kisha najaza tena kwenye pampu ileile. Lita nazisoma kwenye risiti. Mara moja zilikuwa 31.6 kwa kilomita 412, mchanganyiko wa foleni ya Kimara na barabara kuu: lita 7.67 kwa kilomita 100, yaani kilomita 13 kwa lita.

Kama unanunua la Uingereza, dashibodi nayo inasoma maili. 60,000 inayoonekana pale ni zaidi ya kilomita 96,500, na maili utakazopima kwa mtindo huu lazima kwanza uzizidishe kwa 1.609 ili upate kilomita.