Nilivyopaka upya amplifaya ya gari langu bila kuizuia kupoa

Tulikuwa tumeshaipita Muheza, tunaelekea Segera, muziki ukakatika. Nikapaki pembeni, nikainama kuchungulia chini ya kiti cha abiria: kile kitaa cha kijani cha amplifaya kimegeuka chekundu. Nilipoigusa nikautoa mkono upesi. Tukasubiri kama robo saa ikapoa, taarabu ya baba ikaendelea, na kabla hatujafika Korogwe ikazima tena. Mzee hakusema kitu, lakini nilijua amekerwa, maana safari nzima nilikuwa nimemsifia huo muziki.

Amplifaya yenyewe niliinunua mkononi. Ni ya chaneli nne, klasi AB (aina ya sakiti inayotoa joto jingi), bodi nzito ya alumini yenye mapezi ya kupozea mgongoni. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliipaka rangi nyekundu ya mafuta kwa brashi, ile ya kupakia mageti, na kwa kuwa alumini ilikuwa na mikwaruzo, akaanza na puti. Rangi ilikuwa imetiririka ikagandia katikati ya mapezi, mahali pengine huwezi kupitisha hata ncha ya kisu. Nami nilipoinunua niliona inang'aa tu, nikafurahi.

Niliipeleka kwa fundi wa redio Ngamiani, mzee ambaye amekaa na waya wa kulehemu tangu enzi za redio za mbao. Nikamwamkia, nikamwekea mezani. Aliigeuza mara moja akasema, "Mwanangu, hii imevalishwa koti la baridi na sisi tuko Tanga."

Nikamuuliza kama basi niiondoe rangi yote niiache alumini tupu. Akakataa. Kwanza chumvi ya bahari: alinibandulia kipande cha rangi kwa ukucha, chini yake alumini ilikuwa imeota unga mweupe. Pili, akaniambia alumini tupu inayong'aa inatoa joto kidogo sana kwa njia ya mnururisho, yaani kama miale, wakati iliyopakwa rangi inatoa vizuri zaidi. Hilo la pili sikuliamini hadi nilipokwenda kulisoma mwenyewe. Ni kweli: alumini iliyong'arishwa inatoa kama sehemu moja ya kumi ya kile ambacho uso mweusi kamili ungetoa, ila rangi ya kawaida inafika karibu tisa ya kumi, iwe nyeusi, nyeupe au ya kijivu. Weusi wenyewe ungeleta tofauti, tena mbaya, kama amplifaya ingekaa juani.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na hapo ndipo nilipoelewa jambo lote. Amplifaya ikivuta ampea 20 kwa volti 13.8, ni wati 276, na kwa klasi AB karibu nusu yake inageuka joto. Ni kama kufungia balbu mbili za kizamani za wati 75 chini ya kiti. Joto hilo likipita kwenye rangi nyembamba ya mikroni 50, sehemu moja ya ishirini ya milimita, na limesambaa kwenye mapezi yote, rangi inaongeza chini ya nusu nyuzi. Yaani si kitu. Lakini weka rangi hiyohiyo chini ya transista moja, kile kidude cha ndani kinachokuza sauti na kutoa joto, yenye mgongo wa milimita 10 kwa 15 unaopitisha wati 10, tofauti inaruka hadi nyuzi 15 na zaidi, kwa sababu joto lote linapita kwenye kadirisha kadogo. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kulinda kwa nguvu zote: nafasi za hewa kati ya mapezi, na uso wa ndani ambapo transista zinalala.

Kabla ya kuifungua nilipima joto, nipate cha kulinganisha. Niliazima kile kipimajoto cha bastola, cha kuelekeza bila kugusa. Kwenye rangi nyekundu kilisoma 79. Kwenye ukingo wa alumini isiyopakwa, sentimita tatu pembeni, kikasoma 41, na ukingo huohuo ulikuwa unaniunguza kidole. Kifaa hicho kinasoma mnururisho, na alumini tupu hunururisha kidogo sana. Nilibandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme palepale pembeni, nikasubiri dakika chache, kikasoma 77. Tangu siku hiyo napima juu ya tepu tu. Mtu asiyejua hili anaweza kuikwangua rangi yote, akapima, akaamini imepoa kwa nyuzi 30.

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikaitoa amplifaya, nikaiacha usiku kucha ili kapasita, vile vidude vinavyohifadhi umeme, zijitoe chaji. Ubao wa sakiti ulitoka wote baada ya kulegeza vile vibao vinavyozibana transista ukutani. Kila transista ina kikaratasi chake cha mika, kinachopitisha joto lakini kuzuia umeme, na grisi nyeupe; nilipiga picha kila hatua kwa simu, na mika nikazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio uleule.

Kijana mmoja wa jirani anayetengeneza sabuni alinishauri niloweke bodi kwenye kostiki soda, rangi ingetoka kwa dakika. Nashukuru nilimuuliza fundi kwanza. Kostiki inakula alumini yenyewe, inachemka na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Nilitumia dawa ya kutolea rangi ya madukani, nje kwenye upepo, glavu mkononi. Puti ndiyo iliyonitesa. Kati ya mapezi nilikwangua kwa kipande cha mianzi, maana bisibisi inakwaruza, kisha mswaki na sabuni, nikaanika juani. Siku nzima ya Jumamosi ilikwisha hapo.

Kisha msasa namba 400 kwa nje, nikafuta kwa thina kwa kitambaa safi, na baada ya hapo sikuigusa kwa mkono mtupu. Uso wote wa ndani niliufunika kwa tepu ya karatasi, na kila tundu la skrubu nikaliziba kwa karatasi iliyosokotwa. Nilinunua praima maalumu ya alumini, kwani rangi ya kawaida haishiki juu ya alumini tupu, inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Nikapuliza mkono mmoja mwepesi wa praima na miwili ya kijivu kilichokolea, ya kopo. Nilifuata urefu wa mapezi, kopo likiwa mbali kama shubiri moja na nusu, mkono hausimami. Ukisimama hata kidogo inatiririka chini ya mapezi, na hapo umerudi kwenye geti.

Nikaiacha siku tatu. Kuna wanaokausha kwenye oveni. Bodi tupu haina shida, ila ubao usithubutu kuuweka humo, kapasita nyingi zimeandikwa mwisho nyuzi 85 au 105.

Wakati wa kurudisha, mika mpya, grisi utando mwembamba tu. Fundi aliniagiza nisiwashe kabla ya kupima kwa mita kati ya mgongo wa kila transista na bodi. Transista ya sita, mita ikalia, ishara kwamba umeme unapita. Nikaifungua: punje ya mchanga wa msasa, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, ilikuwa imejificha pembeni ya tundu la skrubu na imeitoboa mika. Ningewasha hivyo, umeme ungeshuka kwenye bodi na transista ingekufa palepale. Nilifuta uso wote upya kwa spiriti, nikabadilisha mika, nikapima zote tena mara mbili.

Garini niliiinua kwa vipande viwili vya mbao vya sentimita 2 isilale juu ya zulia. Nikarudia kipimo kilekile: gari kivulini, injini inaunguruma, sauti kiwango kilekile, dakika 45. Juu ya tepu ilisoma 62. Najua mbao nazo zimechangia, siwezi kuipa rangi sifa zote.

Mwezi uliofuata tulikwenda Korogwe tena, kaskazi imepamba moto. Baba aliongeza sauti mwenyewe tulipoipita Muheza. Pale Segera tuliposimama kununua machungwa nikachungulia chini ya kiti: kijani. Siku hizi kila baada ya wiki chache napitisha brashi ya rangi, kavu, katikati ya mapezi, maana vumbi la zulia nalo linaziba.