Mwalimu wetu bado anamtetea

Jana usiku niliumia sana, acha niseme. Dada mmoja tuliyefundishwa naye taarab hapa Unguja alihojiwa redioni. Akaulizwa nani alimfundisha kuimba. Akajibu, "Hakuna, ni kipaji tu."

Kipaji anacho, tena kikubwa. Lakini mimi nilikuwepo. Sisi wengine tukishaondoka, Mwalimu alikuwa anambakisha, anampigia sauti moja kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, anairudia na kuirudia mpaka aishike sawasawa. Anayeijua kanuni anajua kazi yake: nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na ukibadilisha maqamu, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, lazima uhamishe vile vyuma vidogo vya pembeni. Mzee yule macho yamefifia, alivihamisha kwa kupapasa. Nauli ya dada huyu alitoa yeye. Gauni la onyesho lake la kwanza Ngome Kongwe, yeye. Mpaka hivi leo hapigiwi simu hata ya Sikukuu!

Nikampigia Mwalimu, nikamwamkia, nikaanza kumpa pole. Hakuniacha nimalize. "Mwanangu, umesikia alipoimbishwa pale mwisho, alivyovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili? Lile lilimsumbua sana. Sasa amelipata, mashaallah." Furaha tupu kwenye sauti yake.

Mimi sina moyo huo. Dada, kama unasoma hapa, ukipewa tena maikrofoni mtaje Mwalimu kwa jina lake, naye angali hai na redio yake haizimwi.