Siku Moja Maishani Mwangu: Nyuma ya Gauni Kuna Pini

Saa 11 alfajiri

Kabla sijanawa uso nahesabu mifuko ya nguo iliyopangwa karibu na mlango. Iko yote. Nafungua mmoja mmoja, nalinganisha na orodha: koti la sufi, gauni la hariri lenye mshipi mrefu, blauzi ya puleki, suruali mbili, sketi ya mahameli, viatu jozi nne.

Watu wakisikia nasomea ustailisti, yaani kazi ya kuandaa mavazi ya picha za mitindo za majarida, wanadhani siku yangu ni kuchagua magauni na kusimama kando ya kamera. Hakuna hata uzi mmoja kwenye mifuko hii ulio wangu. Mbunifu anapotayarisha mkusanyiko mpya hushona kwanza sampuli, mara nyingi moja tu ya kila vazi, na hiyo hiyo ndiyo inayopita jukwaani, ndiyo wanunuzi wa maduka wanaiona, ndiyo majarida yanaazimana kwa zamu. Ukiichoma kwa pasi hakuna ya pili. Ndiyo maana hakuna anayekukabidhi sampuli bila barua ya mhariri wa jarida inayosema nguo ni za kurasa gani, zinatoka lini na zinarudi lini. Mwanafunzi hata akiwa na barua hiyo, nyumba kubwa za mitindo mara nyingi hazimjibu. Kwa hiyo tunakwenda kwa wabunifu chipukizi, wengine ni wanafunzi kama sisi, na wao hutukabidhi vazi walilolishona kwa mikono yao usiku kucha. Mfuko huo unakuwa mzito kuliko uzito wake.

Saa 1 asubuhi

Nimefika studio kabla ya mpiga picha, na ndivyo inavyotakiwa. Nguo zote zinatundikwa kwenye stendi kwa mpangilio wa mionekano, yaani mavazi kamili ya kila picha, kila henga na kikaratasi chake: viatu gani, hereni zipi, sidiria ya rangi gani ndani. Kisha inaanza kazi ya pasi ya mvuke, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu na haionekani popote.

Kila kitambaa kina tabia yake. Kitani kinataka joto na unyevu mwingi, na dakika kumi baada ya kuvaliwa kinajikunja tena, kwa hiyo kinapigwa mwisho kabisa. Mahameli haiguswi na bamba la pasi, maana manyoya yake yakilala ni vigumu kuyanyanyua. Unaipulizia mvuke kwa upande wa ndani, kwa mbali. Hariri inaogopa tone la maji, na pasi ya mvuke iliyoelekezwa chini hudondosha matone, kwa hiyo naishika wima na kuijaribu kwanza kwenye taulo. Puleki joto likizidi zinajikunja na kupoteza mng'ao. Sufi inapigwa ikiwa imefunikwa kitambaa cha pamba. Hakuna mwalimu aliyenikaririsha haya kwa orodha. Nimeyapata kwa kusimama nyuma ya mastailisti walionitangulia, kushika henga na kutazama mikono yao.

Halafu soli. Viatu vya kuazima vinabandikwa utepe wa karatasi chini yote, unakatwa kwa wembe kufuata ukingo, ili jioni soli irudi haina hata alama ya sakafu. Jozi nne, soli nane. Mgongo unaanza kusema hapo.

Saa 3

Mwanamitindo amefika, msusi na mpambaji wamemchukua. Mionekano mitatu ya kwanza inapita bila tatizo, isipokuwa shati la mistari myembamba ambalo kwenye skrini ya laptopu mistari yake ilikuwa inacheza mawimbi. Kamera za kidijitali zinafanya hivyo mistari ya kitambaa ikiwa karibu karibu sana. Nilikuwa nimeweka shati jeupe akiba, tukabadilisha.

Kila akivaa kitu cha kupitia kichwani, namfunika kwanza uso kwa skafu nyepesi. Rangi ya mdomo kwenye kola ya sampuli ni kilio. Akishavaa, nakwenda nyuma yake. Mbele suruali imekaa kana kwamba ilikatwa kwa kipimo chake. Nyuma kuna vibanio vitano kiunoni, pini mbili kwenye pindo na kipande cha sponji chini ya bega. Wasomaji hawatauona mgongo huo kamwe, lakini bila huo hakuna kinachosimama mbele.

Saa 6 mchana, koti

Hapa ndipo siku ilipotaka kuvunjika.

Koti la sufi ndilo picha ya ufunguzi. Hadithi yote ya picha za kurasa nane niliijenga kutokea kwenye mabega ya koti lile, na mwenye koti alikubali libaki nami mpaka jioni. Saa 6 kasoro simu inaita. Ni yeye.

"Dada, samahani sana. Kuna mnunuzi anataka kuliona leo saa 9. Nitume bodaboda alichukue saa 8?"

Nampa pole, namwambia naelewa, na kweli naelewa: mnunuzi mmoja kwa mbunifu anayeanza anaweza kumaanisha msimu mzima. Lakini koti lilikuwa limepangwa kupigwa mwisho. Namweleza mpiga picha kwamba tunapindua ratiba, koti linakuja sasa hivi. Anakubali kwa shingo upande, kwa sababu taa alikuwa ameziweka kwa ajili ya puleki, na kuzihamisha ni nusu saa. Nusu saa ikawa dakika hamsini. Taa moja haikuwaka, kebo ikatafutwa, kebo ikapatikana, haikuwa yenyewe.

Hatimaye mwanamitindo amelivaa. Limekaa vizuri mno, hata msusi alinyamaza. Ndipo mpiga picha anasema, "Nataka alale chini. Hapo hapo sakafuni."

"Kaka, koti hili halilali sakafuni."

"Picha mbili tu."

"Saa 9 linatazamwa na mnunuzi. Likipata alama ya kiatu, si wewe wala mimi atakayekosa mnunuzi, ni mwenye koti."

Akasema mastailisti tunaua picha kwa kuogopa nguo. Maneno hayo yaliniuma, na nitayajibu hapa kwa sababu pale hakukuwa na muda. Stailisti haogopi nguo. Ni yeye pekee chumbani aliyeweka jina lake kwenye karatasi ya kuiazima. Kamera ni ya mpiga picha, brashi ni za mpambaji, na kikitokea chochote kila mmoja anaondoka na kifaa chake. Mimi ndiye ninayerudi kumtazama mtu machoni na kumwambia vazi lake limekuwaje. Na vilevile sikutaka kuiua picha ile. Niliiona kama alivyoiona: mabega yale mapana yakiwa yamelala, mikono imefunguka, marinda ya mgongoni yametandazika pembeni. Ilikuwa picha nzuri kuliko niliyokuwa nimeichora.

Nikamwomba avute karatasi mpya ya mandhari, ile inayokaa nyuma ya mwanamitindo. Rola ya karatasi ile huvutwa kutoka juu ikashuka mpaka sakafuni, na kipande kilichochafuka hukatwa. Hakutaka, maana rola ina mwisho na amebakiwa na kazi nyingine za picha. Tukabishana tena, mwanamitindo amesimama ndani ya sufi nzito chini ya taa, jasho linaanza kumtoka, na jasho nalo ni adui wa bitana. Nikamvua koti nikamfunga shali. Nikachukua mkasi nikaketi karibu na karatasi chafu nikasubiri. Sikupandisha sauti. Mpambaji ndiye aliyevunja ukimya: "Si mkate tu?"

Ikakatwa. Karatasi safi ikashuka. Kila mtu akavua viatu, hata mpiga picha. Mwanamitindo akalala, nikatandaza marinda rinda kwa rinda nikiwa nimepiga magoti, nikatoka kwenye fremu kinyumenyume. Dakika sita. Ile picha ya tatu ilipotokea kwenye skrini hakuna aliyeuliza iwe ya ufunguzi au la.

Bodaboda alisubiri mlangoni kidogo tu. Koti nililipitisha rola ya gundi ya kunasa vumbi, nikalipiga picha mbele na nyuma, nikalifunga.

Alasiri

Hakuna aliyekula. Puleki, kisha mahameli, kisha tukabaki na gauni la hariri.

Mshipi wake ni mrefu, na nilitaka ukatize fremu kwenda kushoto kana kwamba upepo umeubeba. Feni iliurusha usoni. Basi nikafunga uzi wa nailoni usioonekana kwenye ncha, nikalala kifudifudi pembeni ya taa, nikawa navuta na kulegeza kila mpiga picha anapobofya. Kuna picha ya mpiga picha Mmarekani Richard Avedon ya mwaka 1955, mwanamitindo Dovima akiwa na gauni la nyumba ya mitindo ya Dior kati ya tembo wa Cirque d'Hiver, jumba la sarakasi mjini Paris. Ni miongoni mwa picha za mitindo zinazojulikana zaidi duniani, na Avedon mwenyewe aliishi akijuta kwamba mshipi mweupe wa gauni lile haukupeperuka kushoto kukamilisha mstari wa picha. Niliposoma hilo nilihisi mtu amenisemea. Mshipi ni sehemu ya picha sawa na uso. Kwa hiyo nililala pale mpaka viwiko vikafa ganzi, na nilipoambiwa inatosha nikaomba mara moja zaidi.

Mmoja wa wasaidizi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwa haya yote wanatulipa?" Nilimjibu ukweli. Kurasa za mitindo majaridani mara nyingi hazilipi, au hulipa kidogo sana. Fedha ziko kwenye matangazo na katalogi, na huko huingii bila kuonyesha kurasa. Hilo ni kosa la fani yetu na linawafungia nje wenye vipaji wasio na mtu wa kuwabeba. Sikumficha. Nilimwambia pia ahakikishe jina lake linaandikwa, nami nikaliandika mbele yake.

Jioni, sijui saa ngapi

Wengine wamekwenda, mimi nakagua. Kila vazi nalinganisha na picha niliyoipiga siku lilipoingia mikononi mwangu. Ndani ya gauni jeusi kuna alama nyeupe ya dawa ya kikwapa. Soksi ndefu ya nailoni iliyokunjwa inaifuta ikisuguliwa taratibu, bila maji. Kifungo kimoja cha blauzi kimelegea, nakishona. Puleki mbili zilidondoka, zote nimeziokota, zinakwenda kwenye bahasha pamoja na blauzi. Utepe wa soli unabanduliwa kuanzia kisigino, polepole, ili usiache gundi.

Nyumbani naandika orodha ya majina yatakayokwenda chini ya kila picha. Gauni la nani, viatu vya nani, hereni za nani. Naangalia herufi kwa herufi kwenye ujumbe walionitumia wenyewe. Kwa mbunifu aliyenipa vazi bure, jina lile lililoandikwa sawasawa ndiyo malipo yake yote. Mwenye koti amenitumia ujumbe: limefika safi, mnunuzi ameliona, atampa jibu wiki ijayo.

Darasa la kesho ni saa 2. Gauni na blauzi lazima zirudi kabla ya hapo, viatu baada ya mchana, na mhariri anataka picha kumi za kuchagua kufikia jioni.