Mama anajua, lakini anaogopa

Jumapili usiku.

Kuna kauli inayonikera kila ninapoikuta: kwamba akina mama wanawakeketa binti zao kwa sababu hawajui madhara. Mimi ni mkunga. Nimekaa na akina mama wengi waliopitia kisu hicho, na kauli hiyo naikubali nusu tu.

Wapo kweli wanaoteseka bila kujua chanzo. Mwanamke anachuchumaa chooni muda mrefu, mkojo unatoka tone kwa tone, hedhi inamlaza kitandani kila mwezi, naye anaamini wanawake wote wako hivyo. Atajuaje vingine, ikiwa alikatwa na kushonwa akiwa mtoto, akaachiwa tundu dogo tu, na dada zake wote na shangazi zake wote wameshonwa? Wapo pia wanaosema "tulimgusa kidogo tu", wakidhani hicho si kitu. Shirika la Afya Duniani linataja aina 4 za ukeketaji, na ya nne inaingiza hata kutoboa, kukwangua na kuunguza. Wengine wanaamini dini imeamuru, ilhali ukeketaji haumo katika Kurani wala katika Biblia. Mambo haya mtu akielezwa taratibu na anayemwamini, anaelewa.

Nusu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Juzi nilikuwa nampima mama mmoja mjamzito, ana binti wa miaka saba. Nikaanza maelezo yangu ya kawaida. Akanishika mkono, akasema: "Dada, usijichoshe. Mimi nilivuja damu mpaka nikazimia. Uzazi wa kwanza nilichanika, mtoto akatoka amechoka, hakulia. Unaniambia nini nisichokijua? Niambie mwanangu ataolewa na nani."

Sikuwa na jibu la haraka. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliohusu wajawazito zaidi ya 28,000 katika nchi 6 za Afrika. Ulionyesha kwamba kadiri mwanamke alivyokatwa zaidi, ndivyo hatari ya kujifungua kwa upasuaji, kutokwa na damu nyingi na kumpoteza mtoto inavyopanda. Mama huyu aliyajua yote hayo kwa mwili wake.

Anachopima yeye ni kingine: maumivu ya kisu na ya uzazi upande mmoja, na upande wa pili binti anayechekwa, anayekosa mchumba, ambaye hata maji aliyoteka wenzake hawayanywi. Mama anayempenda mtoto wake anaweza kabisa kuchagua kisu. Linauma kuliandika, lakini ndivyo lilivyo, na ndiyo maana kumwita mama huyo mkatili hakumsaidii binti yake hata kidogo. Hofu hiyo hiyo inawapeleka wengine kwa muuguzi badala ya ngariba, wakitumaini ganzi na nyembe safi zitapunguza ubaya. Ganzi haimrudishii mtoto kilichoondolewa, na mwenzangu wa kada ya afya anayepokea fedha kwa kazi hiyo ananiudhi kuliko ngariba yeyote, kwa sababu yeye amesomea.

Kinachonipa moyo ni habari ya China. Desturi ya kufunga miguu ya wasichana kwa vitambaa vya kubana ili nyayo zibaki ndogo, wapate wachumba, ilidumu karne nyingi, kisha ikaporomoka haraka mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vyama vya wazazi walioahidiana mambo mawili: hatutawafunga miguu binti zetu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Ahadi ya pili ndiyo inayojibu swali la yule mama. Na mwaka 1997 wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara, Senegal, walitangaza hadharani kwamba wanaacha kukeketa. Baadaye vijiji vinavyooana vikaanza kutangaza kwa pamoja, ili asiwepo binti anayebaki peke yake.

Kwa hiyo nimeacha kumkabidhi mama mmoja mzigo wote. Nilimuuliza: nyumbani kwenu neno la mwisho ni la nani? Akasema la mama mkwe. Na mumeo anasemaje? Akanyamaza kwanza, kisha akasema hajawahi kumuuliza, kwa kuwa hayo ni mambo ya wanawake. Tumekubaliana aje naye kliniki ijayo. Mama mkwe nitamfuata mwenyewe, nimwamkie kama inavyopasa, nianze kwa kumuuliza yeye alijifunguaje.