Alama ya vema hainitoshi

Nimeombwa niandike aya moja kuhusu imani yangu ya ufundishaji. Fomu ilikuwa na mistari minne tu. Nimeijaza kwa maneno ambayo walimu wote tunayajua, mwanafunzi awe kitovu cha somo na kadhalika, nikairudisha kwa wenyewe. Haya ninayoandika hapa ndiyo ambayo hayakuenea.

Nafundisha hesabu, basi naanza na hesabu. Muulize mtoto ipi kubwa kati ya 0.6 na 0.45. Wapo watakaosema 0.45, na ukiwadadisi watakwambia 45 inaizidi 6. Hao kila mwalimu wa hesabu anawajua. Wanazisoma tarakimu za baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima, na kwa nini wasifanye hivyo? Tangu waanze shule, namba yenye tarakimu nyingi ndiyo iliyokuwa kubwa. Hawakukurupuka. Wamefuata kanuni ambayo ilikuwa haijawaangusha hata siku moja.

Anayeninyima usingizi ni yule aliyejibu 0.6. Kapata, vema, tunasonga mbele. Lakini miongoni mwa waliopata yumo anayefikiri hivi: sehemu za kumi ni vipande vikubwa, sehemu za mia ni vipande vidogo, kwa hiyo namba iliyo fupi baada ya nukta ndiyo kubwa siku zote. Jibu lake ni sahihi, hoja yake imepinda, na kwenye daftari hana tofauti yoyote na mwenzake aliyeelewa. Mpe sasa 0.3 na 0.75. Atakwambia kubwa ni 0.3, na hapo ndipo utakapomwona. Ungempa ukurasa mzima wa maswali yanayofanana na lile la kwanza, angeyapata yote, ukamwandikia "hongera", naye akaenda darasa la mbele na kanuni yake mfukoni.

Hii ndiyo imani yangu, kama ni lazima niwe nayo moja: kazi yangu ni kujua mtoto amefikaje kwenye jibu lake, liwe sahihi au lisiwe. Ndiyo maana kuchagua namba mbili za kuandika ubaoni hunichukua muda mrefu kuliko kuandaa maelezo ya kipindi kizima. Andalio la somo halina safu ya jambo hilo. Mkaguzi akija ataona malengo, zana na tathmini, ila hataona kwamba 0.3 na 0.75 zimechaguliwa kwa makusudi.

Ukishauliza, nyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja, kisha mwalimu anarudia swali, anamwita mwingine au anajijibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Aliona pia kuna kimya cha pili ambacho tunakisahau, kile cha baada ya mtoto kujibu. Mimi nakipenda hicho zaidi. Mtoto akisema "0.6" nami nisitikise kichwa wala kutabasamu, mara nyingi anaongeza mwenyewe, "kwa sababu..." Na hiyo sababu ndiyo niliyokuwa naitafuta. Sekunde tatu zinasikika ndogo ukizisoma. Simama mbele ya darasa lililokutumbulia macho uone zinavyojivuta.

Alama nazo nina ugomvi nazo. Mwaka 1988 mtafiti wa elimu Ruth Butler alichapisha utafiti ambamo wanafunzi wengine walipewa maksi peke yake, wengine maoni peke yake, na wengine vyote viwili. Waliopewa maoni matupu ndio waliofanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika na yale maoni kama mtu angetarajia. Hainishangazi. Mtoto anaangalia namba, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Wazazi wanataka namba na nawaelewa, shule nayo inataka ripoti, kwa hiyo natoa. Ila kwenye mazoezi ya kawaida siandiki maksi. Naandika swali moja, nalo lazima lijibiwe.

Isidhaniwe kwamba mimi ni wa kundi la "waacheni watoto wagundue wenyewe." Hapana. Desimali zenyewe zina historia ndefu: mwanahisabati Al-Uqlidisi aliziandika Dameski katika karne ya 10, na Ulaya hazikuenea mpaka mwanahisabati mwingine, Simon Stevin, alipochapisha kijitabu chake mwaka 1585. Watu wazima wenye akili nyingi wamechukua karne kadhaa, halafu nimtarajie mtoto azigundue kati ya kengele mbili? Naeleza, tena naeleza kwa hatua ndogo ndogo, na sioni haya. Ninachokataa ni kuamini kwamba kwa vile nimeeleza vizuri, basi wamejifunza. Maelezo mazuri yana hila: humfanya msikilizaji ahisi ameelewa.

(Hizi habari za kwamba huyu anajifunza kwa macho na yule kwa masikio, naomba tuziache. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walizipitia tafiti zilizokuwapo wasikute ushahidi wa kutosha wa kupanga masomo kwa njia hiyo. Bado kwenye semina tunapewa dodoso za kuwagawa watoto.)

Kisha kuna kusahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema sana. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha jambo linalopaswa kumgusa kila anayefanya marudio. Baada ya dakika tano, waliosoma tena maandishi walikumbuka zaidi kuliko waliojaribu kuyakumbuka bila kutazama. Baada ya wiki, mambo yalikuwa kinyume. Basi kosa la desimali silihesabu kuwa limekwisha kwa kuwa kipindi kimekwisha. Linarudi, hasa kwa wale waliokuwa wamesharekebishwa, nami nalirudia bila kutoa taarifa, katikati ya mada ya maumbo au ya asilimia, wakati hakuna anayelitarajia.

Ugumu uliobaki ni wingi wa watoto. Siwezi kumsikiliza kila mmoja akinieleza sababu yake, na anayenyoosha mkono haraka huwa si yule ninayemtafuta. Kwa hiyo kesho kila mmoja ataandika kwenye kipande cha karatasi, bila kuchungulia: kati ya 0.5 na 0.50 ipi kubwa, na kwa nini. Wafuasi wa ndefu watasema 0.50, wafuasi wa fupi watasema 0.5. Hao nitawajua mara moja. Watakaosema zinalingana ndio ambao karatasi zao nitazisoma kwanza, maana "mwalimu alisema sifuri ya mwisho haina kazi" nayo ni sababu, na sidhani nitaipa vema.